Kabla Hujafunga Stabilaiza kwenye Kwadi Yako

Haipiti wiki bila mteja kuingia hapa karakanani Nakuru akijikanda viganja. Ametoka kuzunguka njia za Menengai au Elementaita, kwadi yake ya spoti, pikipiki ya magurudumu manne, imekimbia vizuri kwenye vumbi, kisha gurudumu moja la mbele likagonga jiwe na usukani ukapiga teke lililomfika hadi begani. Ombi lake huwa moja: "Fundi, nifungie stabilaiza."

Nitafunga. Lakini kwanza naiinua kwadi mbele na kuyatikisa magurudumu na usukani.

Gari lina meno ya usukani kati ya magurudumu na mikono yako, na meno hayo humeza sehemu ya kishindo. Kwadi haina. Tairodi mbili, yaani fimbo za usukani, zinatoka kwenye magurudumu moja kwa moja hadi kwenye mhimili wa usukani, kwa hiyo kila jiwe unalokanyaga linakusalimia mwenyewe. Wanaoongeza speisa, vile vipande vya kusukuma gurudumu nje, ili magurudumu yatanuke na kwadi ipendeze wanazidisha taabu, maana gurudumu likisogea nje linapata nguvu zaidi ya kuuzungusha usukani. Nimewaambia sana, na bado wanaziweka.

Stabilaiza ni kifaa kidogo cha kutuliza usukani, chenye mafuta ndani. Ile ya mzunguko ina bapa linalosukuma mafuta kupitia vitundu vyembamba. Ukikata kona taratibu, mafuta yanapita bila kinyongo; jiwe likirusha usukani ghafla, yanabana. Ipo pia ndefu, mfano wa shokabsoba ndogo, inayofungwa kati ya fremu na mhimili. Mimi napenda ya mzunguko, kwa kuwa nyingi hukaa juu karibu na mkono na unaweza kuirekebisha bila spana.

Ubaya wake ni kwamba huficha ugonjwa. Ncha za tairodi zikilegea, bol jointi ikichoka, au bushi (pete inayoshika mhimili) ikilika, stabilaiza itatuliza mtikisiko na wewe utaendelea kukimbia juu ya kitu kinachokaribia kukatika. Ndiyo maana natikisa. Upepo nao: mzee mmoja wa Njoro alikuja na matairi yaliyojazwa na fundi wa pancha yakawa magumu kama ya pikapu. Kwadi nyingi za spoti hutaka psi 4 hadi 5 tu. Tulitoa upepo, akazunguka mtaa mara moja, akarudi akicheka. Stabilaiza hakununua, na sikumlazimisha.

Ukiamua kununua, niulize kabla hujalipa. Kijana wa Naivasha aliagiza kiti (seti ya stabilaiza na mabano yake) ya kwadi ya Yamaha YFZ450 kutoka Marekani, ilhali kwadi yake ni YFZ450R, iliyoingia 2009 na fremu yenye aluminiamu. Herufi moja tu, na mabano yakakataa kabisa kukaa. Ilibidi amtafute mtu wa kumuuzia.

Kazi yenyewe hula nusu siku, na sehemu kubwa ni kufungua plastiki za mbele na kifuniko cha usukani. Kwenye kiti nyingi, kishikio cha juu cha bushi hutolewa na mabano ya stabilaiza yakaingia mahali pake. Hapo ndipo nasafisha mhimili, nabadilisha bushi kama imelika, napaka grisi, na kukagua beringi ya chini. Bolti zinapata gundi ya buluu ya kuzuia zisilegee na kukazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Kukaza kwa nguvu za bega ndiko huleta nyuzi za bolti zilizokatika.

Kisha nazungusha usukani kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Kizuizi cha fremu lazima kiguse kabla stabilaiza haijafika ukomo wake. Kikitangulia cha stabilaiza, siku utakayoanguka ndicho kitavunjika, na usukani unaweza kukwama. Baadaye nawasha injini na kurudia. Mlio ukipanda usukani ukiwa umekatwa, waya wa eksileta umevutika na ni lazima upitishwe upya. Baadhi ya kiti huinua usukani, na watu husahau kwamba waya na mpira wa breki havikuinuka nao.

Usianze na marekebisho makali. Iache legevu, zunguka njia unayoijua, halafu ongeza kidogo kidogo hadi mateke yapungue. Ikizidi, utahisi kama unasukuma mkokoteni: kona zinachelewa, na mikono inachoka upya kwa sababu nyingine.

Baada ya safari mbili za kwanza, rudi tukague bolti bila malipo. Ila tafadhali ioshe kwanza. Matope ya Mau yakikauka kwenye mhimili, nusu ya muda wangu huishia kwenye kukwangua.