Vipimo vya fitinesi visiishie kwenye faili

Mhariri, naandika kuhusu ile ripoti yenu ya timu kupima wachezaji fitinesi kabla ya msimu. Kupima ni sawa kabisa, ila shida inakuja baada ya hapo, maana timu nyingi zikishamaliza zinaweka karatasi kwenye faili, halafu Jumatatu wachezaji wote wanapigishwa mbio zilezile, beki, winga, mpaka kipa.

Sasa hapo data imesaidia nini? Chukua tu ile bipu testi ya mita 20, yaani mbio za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha mpaka mchezaji ashindwe, inaanza na spidi ya kilomita 8.5 kwa saa na kila leveli inaongezeka 0.5, kwa hiyo ukijua mchezaji kaishia leveli gani una pa kuanzia kumpangia spidi ya mazoezi yake, na yule aliyefanya vizuri hapo lakini kwenye mbio za mita 30 yuko nyuma hahitaji kuongezewa mizunguko ya uwanja, anahitaji nguvu za miguu na mbio fupi zenye mapumziko ya kutosha. Ukimchosha tu unamuumiza bure, na inauma sana kuona kijana mwenye kipaji anakaa nje kisa nyama za paja zimechanika.

Naomba makocha wapime tena kila baada ya wiki 6 hadi 8, uwanja uleule, muda uleule, viatu vilevile, halafu wamlinganishe mchezaji na matokeo yake mwenyewe ya mwanzo, na yeye aonyeshwe namba zake, ni haki yake jamani.