Kinyago cha Fisi na gundi ya unga

Mhariri,

Ngano za Sungura na Fisi zinawafaa sana watoto wa Gredi ya 1, lakini igizo likivurugika darasani, mara nyingi kosa huwa kwenye vinyago.

Kwa vinyago vya karatasi, gundi ya dukani si lazima. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano (hata jina linaoana na kazi) kwa kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uji uwe mzito. Unga mkavu ukitiwa kwenye maji moto hufanya mabonge yasiyoshika karatasi. Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, kinyago cha tabaka nne za karatasi zilizobandikwa siku moja hubaki na unyevu ndani na kuota ukungu. Bandika mbili leo, mbili kesho.

Kinyago kikae juu ya paji la uso kama kofia. Kikifunika uso, watoto hugongana na sauti haisikiki.

Kipindi ni dakika 30 tu, kwa hiyo simulizi isizidi 10. Mwalimu aite "Paukwa!", darasa liitikie "Pakawa!", kisha asimamishe simulizi pale Fisi anapofika njia panda, watoto waamue apite wapi. Wasio na vinyago wawe miti, mvua na ngurumo. Ngurumo hugombaniwa kuliko Sungura.

Walimu wa madarasa ya chini,
Eastlands, Nairobi