Ijumaa yako iwe kwenye maandishi: barua kwa vijana wanaotaka wiki ya siku nne

Wanangu mnaohangaika na ajira hapa Dar es Salaam, marahaba. Salamu ziwe fupi, maana naandika nikiwa nimekasirika.

Binti mmoja ninayemfahamu tangu anatambaa ametakiwa kujieleza kwa maandishi kuhusu utoro. Hakutoroka. Anaishi Chanika, ofisi iko Posta. Alikubaliana na meneja wake afanye kazi saa 10 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa akae na mwanawe. Walikubaliana kwa mdomo, wamesimama koridoni. Meneja akahamishwa, aliyekuja akafungua daftari la mahudhurio na kukuta Ijumaa zote tupu. Nilipomuuliza binti karatasi iko wapi, alinijibu, "Baba, bosi alisema haina shida." Haina shida! Neno hilo halina sahihi wala muhuri, na aliyelisema yuko Mwanza, simu hapokei. Nimemwambia akusanye hati zake za mshahara: kama alilipwa kamili miezi yote hiyo, ofisi ilijua.

Nimefanya kazi ya utumishi hadi nikastaafu, na jambo hili limenichosha kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 21, inaruhusu wiki ya kazi iliyobanwa. Mfanyakazi wa Tanzania Bara anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwamo, bila malipo ya ovataimu, mradi asizidishe siku tano wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini ni kwa makubaliano ya maandishi. Maandishi, wanangu! Bila hayo mnarudi kwenye saa 9 kwa siku, na kila saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Hapo ndipo ilipo hofu ya mwajiri. Kijana anaingia kwa bosi na habari za majaribio ya wiki ya siku nne ya Uingereza ya mwaka 2022, wakati wale walipunguza saa za kazi kwa mshahara uleule, na yeye anaomba kuzipanga upya tu. Kisha anaongeza foleni ya Mbagala na ada ya chekechea. Bosi anaitikia kwa kichwa, huku akipiga hesabu ya ovataimu na kujiona tayari ameitwa CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Mtoeni hofu hiyo kwanza. Wekeni kifungu mezani kabla ya shida zenu.

Na hesabu mzifanye nyumbani. Mwenye mkataba wa saa 40 kwa wiki anaenea: saa moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni, saa moja ikiwa ya chakula, siku nne. Mwenye saa 45 haenei. Ukizigawa kwa nne unapata saa 11 na dakika 15, na ukiongeza saa ya chakula umepita 12. Huyo aombe siku nne za saa 10, na saa 5 tu za Ijumaa, kuanzia saa moja hadi saa sita; hata anayewahi swala ya Ijumaa atafika msikitini bila kukimbia. Angalieni pia mapumziko: kati ya kutoka na kuingia tena zinatakiwa saa 12 mfululizo.

Mengine nayataja tu. Andikeni nani atapokea wateja siku msiyokuwapo, na mwongee naye kabla. Ombeni majaribio ya miezi mitatu. Msipeleke ombi wiki ya kufunga hesabu. Ulizeni itakuwaje sikukuu ikiangukia siku yenu.

Na ninyi waajiri wa rika langu, nanyi nawasema. Mmezoea kumpima mtu kwa koti lililoning'inia kitini. Anayesoma magazeti hadi saa moja usiku mnamwita mchapakazi, na aliyemaliza kazi yake saa kumi mnamwita mvivu. Mnawaamsha watoto wa watu saa tisa usiku wakimbilie daladala, halafu mnashangaa wanasinzia mezani.

Wanangu, jiulizeni kwa upole kama mwili utaweza. Saa 10 za kazi, ukijumlisha na safari ya Chanika, ni siku nzito, zaidi kwa mama anayenyonyesha. Hakuna aibu kuamua kwamba haikufai.

Sheria inaruhusu, haimlazimishi mwajiri. Akikataa, msimnunie. Muulizeni ni shughuli gani anaogopa italala, mkaitafutie mtu wa kuishika, mrudi. Akikubali, msiondoke na shukrani tupu: karatasi isainiwe na pande zote mbili, nakala moja iende kwenye faili lako utumishi, nyingine ukae nayo nyumbani.

Mzee wenu,
Ofisa utumishi mstaafu, Tabata