Asante, mzee wangu wa Bahi

Mbukwa, mzee wangu, nakusalimu kwa Kigogo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndege yetu ya injini moja ilizima angani tukirudi Dodoma. Rubani, Mungu ambariki, aliishusha kwenye majaruba makavu ya mpunga.

Wewe ulipoona tunashuka bila mlio, uliwaswaga ng'ombe wako pembeni kutupisha. Ukaja mbio, ukautekua mlango uliokwama kwa fimbo ya kuchungia. Uliponusa mafuta ukamfokea kijana mmoja azime sigara, ukatusogeza mbali, chini ya mbuyu. Mkono wangu uliovunjika uliufunga kwa vijiti viwili na shuka lako, ulilolichana mwenyewe kwa meno. Bado ninalo lile pande jekundu. Kisha ukanipakia kwenye mkokoteni hadi barabara ya Singida, ukitembea kando, umenishika kiwiko kisitikisike. Njia nzima! Pesa ukakataa, ukasema ng'ombe wanakusubiri.

Ndugu wa Bahi, mnaomfahamu mzee aliyerudi nyumbani na nusu shuka, naomba mnielekeze kwake. Nakuja na shuka jipya.