Mwalimu si mraba

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, za kwako na za watoto. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imechelewa.

Swali lako sijalisahau. Ukuta ulio nyuma ya mwalimu haubadiliki, kwa nini basi video ya somo isimtume mwalimu peke yake, wanafunzi wako wakapumua kwenye bando? Umewaza vizuri. MPEG-4, kanuni ya kubana video ya mwaka 1999, iliruhusu jambo hilohilo. Lakini mwalimu si mraba, na umbo lake nalo lazima litumwe.

Chukua fremu, yaani picha moja ya video, ya nukta 352 kwa 288. Ukiandika kwa kila nukta kama iko ndani au nje, ni biti (0 au 1) 101,376. Ukitaja za ukingoni tu, tuseme 1,000, kila moja na mahali ilipo (biti 9 za mlalo, 9 za wima), ni biti 18,000. Mwaka 1961 Herbert Freeman alileta njia ninayoipenda mno: taja nukta ya kwanza, kisha sema tu hatua inayofuata inaelekea wapi. Pande ziko nane, kwa hiyo kila hatua ni biti 3. Ndivyo tunavyomwelekeza mgeni vichochoroni: songa mbele, kata kulia, songa tena. Ukingo wote unaisha kwa biti 3,000 na kidogo.

Ndani ya umbo kuna kazi nyingine. Picha hubanwa kwa vipande vya 8 kwa 8, na ukingoni kipande chaweza kuwa na nukta 20 tu za mwalimu kati ya 64. Watafiti Sikora na Makai, mwaka 1995, walizisukuma nukta juu, wakageuza kila safu wima, kwa urefu wake, kuwa namba zinazobanika kirahisi, kisha wakazisukuma kushoto na kugeuza mistari ya mlalo vivyo hivyo. Umbo limeshatangulia kufika, kwa hiyo kila nukta inajulikana pa kurudi. Siku nilipolielewa hili sikulala mapema.

Kilichokwamisha ni kuuchora huo ukingo, maana kamera haimjui mwalimu. Ndiyo maana H.264, kanuni iliyokuja baadaye, mwaka 2003, ilibaki na vipande vya pembe nne. Kwa ukuta inasema tu "rudia wa fremu iliyopita", na hilo halina gharama kubwa. Ila simu ikitikisika mkononi, ukuta wote unahama, na data inaliwa.

Kwa hiyo rekodi somo moja mara mbili, dakika tano tano: simu ikiwa mkononi, kisha ikiwa imeegemezwa kwenye kitu imara. Niandikie kila faili lina MB ngapi.

Rafiki yako,
Rehema