Jumamosi tunajaribu wino

Jamani hamjambo. Jumamosi baada ya alasiri tukutane barazani palepale Mji wa Kale. Kalamu za wino wa kujaza zioshwe mpaka maji yatoke meupe. Mara iliyopita kuna aliyekuja na mabaki ya nyekundu, buluu yetu yote ikawa zambarau (mwenyewe anajijua).

Nina chupa tatu za wino: Parker Quink ya buluu, ile ya kufulika, Pilot Iroshizuku ya kijani, na Pelikan 4001 buluu-nyeusi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Ndani yake mna chumvi ya chuma, kwa hivyo ukiandika ni buluu, kisha hewa ikiupiga wino unazidi kuiva weusi. Juzi nilidondoshea tone la maji kwenye mistari niliyoandika siku moja kabla. Quink ikaenda na maji. Kwa Pelikan, rangi ya buluu ilitoka, ukabaki mstari wa kijivu unaosomeka vizuri tu. Ila wino huo msiuache ukaukie kalamuni.

Tutaandika sentensi ileile kwenye daftari la shule, ambako wino hutambaa kama mizizi, na kwenye karatasi nzito. Kukauka nako tutakupima, maana kwa unyevu huu wa pwani mimi wa mkono wa kushoto napaka kila neno.

Wino wa kuchorea wa India uacheni nyumbani. Una gundi, ukiganda ndani kalamu imekwisha.

Kahawa na mahamri juu yangu. Leteni vitambaa vikuukuu, na mwenye kanzu nyeupe akae mbali na chupa.