Kabla hujasaini: barua kwa mwanangu

Upanga, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na bibi yako kila asubuhi anauliza kama huko baridi imepungua. Mdogo wako kajipima tena kwenye fremu ya mlango wa chumba chenu. Vimebaki vidole vitatu tu afikie alama uliyoiacha mwaka ulioondoka.

Siku nne sasa nayawaza maneno uliyoniambia kwenye simu. Kwamba yule wakala amekuona umecheza msimu mzuri, anakushauri uache chuo na uingize jina lako mwaka huuhuu kwenye drafti ya NBA, siku ile timu za ligi kubwa ya kikapu ya Marekani zinapochagua vijana kwa zamu, kwa sababu ukichelewa watakusahau. Ukaniuliza, "Baba, unasemaje?" nami nikakaa kimya mpaka simu ikakatika. Naogopa ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilikuwa namkumbuka Hasheem Thabeet.

Wewe ulikuwa hujaanza hata chekechea. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, tulikaa watu saba sebuleni kwa jirani mwenye dishi. Wengine walitaka stesheni ibadilishwe, maana Michael Jackson alikuwa amefariki saa chache tu kabla na dunia nzima ilikuwa inamzungumzia yeye. Tukakataa. Saa nane za usiku zilikuwa zimeshapita, Blake Griffin ameshachukuliwa wa kwanza na Los Angeles Clippers, ndipo kamishna David Stern akarudi jukwaani kusema Memphis Grizzlies wamemchagua Hasheem Thabeet. Wa pili, mwanangu! Mtoto wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Mjomba wako alilia. Mimi nilitoka nje nikasimama barabarani peke yangu, sijui furaha ile niipeleke wapi.

Wa tatu aliitwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Usiku ule majina hayo hayakutuhusu.

Tangu hapo nimekuwa nawafuatilia vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Connecticut, alikosoma Hasheem, kama wenzangu wanavyofuatilia Simba na Yanga. Nikisikia kijana wa Connecticut amechaguliwa, namwangalia miaka mitatu, minne, nione anaishia wapi. Na nilichokiona ndicho nilichoshindwa kukueleza kwenye simu: NBA haimshiki mtu kwa namba aliyochaguliwa nayo, wala kwa sifa alizoondoka nazo chuoni. Inamshika kwa kazi moja anayoifanya ambayo kocha akimtoa uwanjani ataikosa.

Nianze na Hasheem mwenyewe, kwa sababu hapa mjini wapo wanaomsema vibaya na mimi sipendi. Wanasema alibebwa na urefu. Mtu wa mita 2.21 hawezi kukataa kwamba ni mrefu, lakini urefu peke yake haukumpa msimu kama ule wa 2008/09: pointi 13.6 kwa mchezo, ribaundi 10.8, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na mipira 4.2 aliyoizuia ikienda kikapuni. Timu yake ilifika Final Four, timu nne za mwisho kwenye ubingwa wa vyuo. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo. Hayo aliyafanyia kazi.

Ila dalili zilikuwepo, na sisi hatukutaka kuziona. Februari 2009 Connecticut walikuwa namba moja nchini, wakakutana na Pittsburgh ya DeJuan Blair. Blair alikuwa na mita 2.01 tu, lakini mpana na mzito. Siku ile alifunga pointi 22, akachukua ribaundi 23, na mara moja wakigombea mpira alimbinua Hasheem begani mpaka sakafuni. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Miezi michache baadaye Hasheem akaitwa wa pili, Blair, mwenye magoti mabovu, akaitwa wa 37. Sasa sikiliza: Blair alidumu NBA kwa misimu saba. Hasheem aliondoka mwaka 2014, baada ya misimu mitano na wastani usiofika pointi tatu kwa mchezo.

Kuna jambo lingine ambalo nililielewa nimechelewa sana, na wewe unalijua kuliko mimi kwa kuwa unacheza huko. Chuoni beki mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake muda wote anaotaka. NBA haruhusiwi. Kama hamkabi mtu, sekunde tatu zikipita anaadhibiwa. Basi kazi aliyokuwa nayo Hasheem, ya kusimama kama mnara na kuwangoja waje, ilibaki kulekule chuoni. Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi yake, na Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards kwenye ligi ndogo. Hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Baadaye Houston, Portland, kisha Oklahoma City kwa kina Kevin Durant. Halafu basi.

Lakini hakuacha. Alienda Japani, akarudi ligi ndogo ya Marekani akiwa na miaka 32, akaenda Taiwan, na huko akapata tena dakika za kucheza na mashabiki wa kumshangilia. Mimi namheshimu zaidi kwa hayo kuliko kwa usiku ule wa 2009. Kuitwa huwa kunachukua dakika moja. Kuendelea kucheza baada ya dunia kukucheka ni kazi ya miaka.

Sasa nikupe mfano unaokugusa wewe. Unamkumbuka Adama Sanogo, yule kijana wa Mali? Mwaka 2023 Connecticut walipochukua ubingwa, Ramadhani iliingia katikati ya mashindano, naye akafunga na akacheza. Tulimwombea dua hapa nyumbani kama ndugu yetu. Akawa mchezaji bora wa Final Four. Ilipofika drafti, majina yote yakasomwa, la kwake halikusomwa. Hakuna timu hata moja iliyomtaja. Chicago wakampa mkataba wa njia mbili, ule wa kwenda na kurudi kati ya timu kubwa na timu ya ligi ndogo, na muda mwingi alikuwa kwenye ligi ndogo.

Sanogo ana mita 2.06. Wewe una mita 2.06. Anacheza chini ya kikapu akiwa amekipa mgongo, na wewe hivyohivyo. Sisemi kwa kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu yeye alikuwa bora katika mashindano makubwa kuliko yote ya vyuo, na bado timu zilijiuliza: kwa urefu huu atawakaba masenta wa mita 2.13 vipi, na kama mitupo yake ya mbali ni michache, tumweke wapi?

Mwaka uliofuata Connecticut walichukua tena, na safari hii vijana wanne wa timu ile waliitwa kwenye drafti ya 2024. Nilikesha nao. Stephon Castle, wa nne, San Antonio. Donovan Clingan, wa saba, Portland. Tristen Newton, wa 49. Cam Spencer, wa 53, karibu taa zinazimwa, maana mwaka ule majina yalikuwa 58 tu. Newton ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa Final Four. Wa 49! Kwa hiyo miaka miwili mfululizo aliyekuwa bora kwenye fainali za chuo hakuwa ndiye NBA iliyemtaka mbele.

Castle alikaa chuoni mwaka mmoja tu, na najua wakala wako atakutajia yeye. Alikuwa mchezaji bora chipukizi wa NBA msimu wa 2024/25, ni kweli. Lakini angalia alichokifanya katika mwaka ule mmoja. Alikuja na jina kubwa la shule ya sekondari, angeweza kudai mpira kila mara. Badala yake alikubali kupewa mchezaji hatari wa wapinzani amkabe, mchezo baada ya mchezo. Alipofika San Antonio, kazi ile alikuwa nayo tayari mkononi, na mengine akayaongezea hukohuko.

Clingan yeye ni senta wa mita 2.18, mzuiaji mipira kama Hasheem, chuo kilekile. Mwaka wake wa kwanza alikaa benchi nyuma ya Sanogo na akavumilia. Akatoka baada ya miaka miwili akiwa na vikombe viwili.

Lakini ninayempenda ni Spencer, na mama yako ananicheka kwa hilo. Hana urefu wa ajabu, haruki, hakimbii kuliko wengine. Alicheza vyuo vitatu kwa miaka mitano: Loyola ya Maryland, kisha Rutgers, mwisho Connecticut. Anatupa mpira kutoka mbali unaingia, anapasia vizuri, na hachoki. Haki zake zilifika Memphis, timu ileile iliyomchagua Hasheem wa pili. Akaanza na mkataba wa njia mbili, akapitia ligi ndogo, akapewa mkataba kamili. Miaka 15 baada ya usiku wetu ule, Memphis hiyohiyo ilimpata kijana wa Connecticut mwishoni kabisa mwa drafti, na yeye ndiye aliyefanikiwa kubaki. Hilo linaniuma na linanifundisha kwa wakati mmoja.

Kuhusu mwili sitasema mengi, unajua goti langu lilivyoniondoa kikapuni pale Don Bosco nikiwa na umri kama wako. Kemba Walker, aliyeipa Connecticut ubingwa wa 2011, alichaguliwa mara nne kwenye All-Star, mchezo wa nyota wa NBA, akiwa na mita 1.83, na bado goti lilimmaliza mapema. Emeka Okafor, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, aliitwa wa pili mwaka 2004 kama Hasheem miaka mitano baadaye, akawa chipukizi bora, kisha shingo ikamweka nje miaka zaidi ya minne kabla ya kurudi mwaka 2018. Okafor alimaliza shahada yake ya fedha kwa miaka mitatu kabla hajaingia NBA. Nakuomba hilo ulifikirie hata kama hutanijibu.

Sasa tuseme la kwako. Nimetazama michezo yako kumi na moja msimu huu, mingine mara mbili. Chini ya kikapu wewe ni simba. Lakini timu zikikutoa nje kwenye mstari wa pointi tatu, miguu yako inachelewa, na wenzako wanalazimika kuja kukusaidia. Mitupo yako ya adhabu ikigonga chuma, unainamisha kichwa na mpira unaofuata unakupita. Na kutoka mbali hutupi kabisa. Kocha wako amekuambia, umeniambia mwenyewe. Mwaka mmoja wa kutupa mipira mia tatu kila asubuhi unaweza kukugeuza mchezaji mwingine. Ligi ndogo haitakupa mwaka huo kwa utulivu, huko kila mtu anagombania kula yake.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na uamuzi ni wako, umeshakuwa mtu mzima. Kama unataka kujua thamani yako, ingiza jina, nenda ukapimwe, waulize watu wa timu kwa mdomo wako: mnaniona nikifanya kazi gani? Ukipata majibu, bado unaweza kulitoa jina kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na ukarudi darasani. Lakini mlango huo unaweza kufungwa ukisaini na wakala asiyetambuliwa na NCAA. Muulize huyu bwana kama anatambuliwa, akuonyeshe. Akisema hayo ni mambo madogo, achana naye. Na kumbuka viza yako ni ya masomo. Mwenzako Mmarekani akiacha chuo anarudi kwao kwa basi. Wewe ukiacha, ruhusa ya kukaa inaondoka pamoja na masomo, na ndiyo maana hata hizo fedha za matangazo wanazopata wenzako usiziguse kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni hapo haijakuambia kwa maandishi.

Hakuna anayekungoja hapa kwa ajili ya fedha. Najua ulisikia bibi yako akilalamikia paa. Paa tumeliezeka, mjomba wako alitusaidia mabati, na deni lake nalilipa mimi. Usichukue uamuzi huu kwa sababu ya nyumba yetu.

Mama yako anasema nikuambie ule vizuri na usiache kuswali. Bibi yako ametuma ubani na kashata kwa mtoto wa rafiki yangu anayekuja huko mwisho wa mwezi, kashata sijui kama zitafika salama.

Wakikuletea karatasi yoyote, nipigie kabla hujaweka kalamu. Usihesabu saa za huku. Hata ikiwa saa nane za usiku, nitapokea.

Baba yako